Babu, bibi na wajukuu kwenye mshipi mmoja: mwongozo kamili wa likizo ya uvuvi kwenye loji ya ziwani Uganda

Familia ya vizazi vitatu ikienda ziwani, mara nyingi anayewaharibia wenzake ni yule hodari wa kuvua. Yeye anataka boti alfajiri na sangara wa kupigia picha. Bibi anataka kiti chenye mgongo, kivuli, na choo kisicho mbali. Mtoto wa miaka mitano anataka samaki yeyote, na anamtaka sasa hivi. Mwongozo huu unampanga bibi na mtoto kwanza: kuvua ngege gatini ndiyo kazi kuu ya kila siku, na boti ya sangara ni nyongeza ya asubuhi moja au mbili kwa wanaoiweza. Hodari naye atapata lake, ila kwa zamu.

Hesabu za hapa ni za watu kumi: wazee wawili, watu wazima wanne na watoto wanne. Sangara ndiye mputa wa Waganda na mbuta wa Wakenya. Ngege ndiye sato wa Mwanza.

Ziwa lipi

Kwa familia nyingi jibu ni Ziwa Victoria, visiwa vya Ssese, na hasa kisiwa kikubwa cha Bugala. Loji nyingi zimejipanga kwenye ghuba ya Lutoboka, chini ya mji wa Kalangala. Ngege wapo karibu na ufuko, sangara wapo kwenye kina, gati la feri liko jirani, na mjini kuna kituo cha afya cha daraja la nne, yaani hatua moja chini ya hospitali. Hicho cha mwisho hakionekani kwenye picha za matangazo, lakini ukiwa na mzee wa presha ndicho cha kuangalia kwanza.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, linapendeza kuliko Ssese na maji yake yanasifika kwa kutokuwa na viboko, mamba wala kichocho. Ukienda kuogelea, nenda huko. Ukienda kuvua, utajuta: samaki ni wachache na wadogo, na kinachopatikana kwa wingi ni kamba wa maji baridi wanaotegwa kwa madema. Isitoshe ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na loji nyingi zimejengwa kwenye miteremko yenye ngazi zinazotesa magoti.

Murchison, chini ya maporomoko ya Mto Nile, ndiko wavuvi wa sangara wakubwa wanakoota kwenda. Ni ndani ya hifadhi, unahitaji kibali cha kuvua cha Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, na kingo zake zina mamba na viboko. Usipeleke watoto kuvua pale. Hilo halina mjadala.

Lini, na siku ngapi

Mvua kubwa huanguka Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Januari na Februari ni tulivu zaidi kwa wazee. Likizo ya shule ya Agosti na ile ya mwisho wa mwaka zinafaa pia, ila kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini hupuliza na ziwa huchafuka mchana. Chagua loji iliyo ndani ya ghuba, si inayotazama ziwa wazi.

Lala usiku nne. Ukilala mbili, siku ya kwenda na ya kurudi zinameza safari yote, na dhoruba ya asubuhi moja inafuta uvuvi wote wa boti. Zaidi ya tano, vijana wataanza kutafuta mtandao.

Maswali ya kuiuliza loji kabla ya kulipa

Piga simu, usitosheke na picha. Kutoka chumba cha wazee hadi gatini kuna ngazi ngapi, na zina vishikio? Gati ni la mbao au zege, lina ukingo, na usawa wake kutoka majini ni kiasi gani? Likiwa juu zaidi ya mita moja, mtoto hawezi kuinua samaki wala mzee kushuka botini. Kina cha maji mwisho wa gati ni kipi? Mita moja na nusu hadi tatu ndiyo inayofaa kwa ngege. Kuna friza inayofanya kazi usiku kucha, au umeme unazimwa saa nne? Kuna chandarua kila kitanda?

Kisha uliza jaketi za kuokolea, na usikubali jibu la “zipo”. Uliza zipo ngapi za uzito wa mtoto wa kilo 15 hadi 30. Loji nyingi zina za watu wazima tu. Ikiwa hazipo, nunua Kampala uende nazo. Ya mtoto iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo akianguka majini jaketi litapanda na yeye atabaki chini yake. Kipimo ni rahisi: mvalishe, funga mikanda yote, shika jaketi mabegani umwinue. Likipita masikio, ni kubwa kwake.

Suala la vyumba linahitaji busara pia. Kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakaribiani: hawashikani mikono, hawakai bega kwa bega. Mkwe wa kike na baba mkwe vivyo hivyo. Loji ikikupa nyumba ndogo ya vyumba viwili na bafu moja, usiwaweke humo pamoja ukidhani ni likizo mambo yatasamehewa. Panga wazee na wajukuu kwenye nyumba moja, wakwe nyingine. Botini nako, orodha ya viti iandikwe jana yake.

Njia

Ipo njia ya feri ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka: kwa ratiba yake ya kawaida huondoka saa nane mchana, husafiri kwa muda wa kama saa tatu na nusu, na hurudi saa mbili asubuhi. Thibitisha ratiba siku moja kabla, kwa sababu ikiwa matengenezoni hakuna mbadala wa saa hiyo. Fika saa tano na nusu, si saa saba. Wazee wapate viti vya ndani.

Njia ya pili ni kwa gari kupitia Masaka hadi Bukakata, halafu kivuko cha bure hadi Luuku, safari ya nusu saa hivi majini. Familia yenye mzigo mwingi ichukue hii. Gari linabaki nanyi kisiwani, na mgonjwa akihitaji hospitali kubwa, Masaka kuna hospitali ya rufaa. Lakini vivuko havitembei usiku kucha, kwa hiyo uliza mapema loji ina boti gani ya dharura na nani huiendesha.

Msipande mitumbwi ya abiria ya kubahatisha ili kuokoa muda. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama jirani na Mukono na watu zaidi ya thelathini wakafa, ilikuwa imebeba kupita kiasi na wengi hawakuvaa jaketi.

Anayevuka mpaka abebe cheti cha homa ya manjano, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Vifaa vya gatini

Nunua Kampala au Masaka. Visiwani ndoano zipo, lakini ni za mishipi ya sangara, kubwa mno kwa ngege.

Mianzi sita ya mita tatu inatosha watu kumi, maana hawatavua wote kwa pamoja. Chagua uliokauka, usio na ufa, mwembamba kama kidole kidogo kwenye ncha. Uzi wa nailoni wa milimita 0.30, gurudumu mbili za mita 100. Ndoano namba 8, hamsini. Namba 10, thelathini. Kumbuka namba ikiwa kubwa ndoano ni ndogo. Vielea kumi na tano, chubwi ndogo za kubana (vizito vya kuzamisha uzi) pakiti mbili, koleo mbili zenye mdomo mrefu, mkasi, ndoo tatu zenye mfuniko, wavu wa mkono wenye mpini wa mita moja na nusu au zaidi, na ubao wa kupimia samaki uliochorwa sentimita 30 na 50 kwa wino usiofutika.

Kabla ya kumpa mtu yeyote ndoano, bana kimiba chake (kile kinachoizuia isichomoke) kwa koleo hadi kilale. Utapoteza samaki mmoja mmoja, ndiyo. Lakini ndoano itakayoingia kidole cha mtoto, na siku moja itaingia, itatoka kwa kuvutwa kuifuata njia iliyoingilia. Ikiingia karibu na jicho usiiguse. Funika bila kukandamiza, peleka kituo cha afya. Na kwa jeraha lolote uliza chanjo ya pepopunda.

Kufunga mshipi wa ngege

Kata uzi wenye urefu wa mwanzi, ukipunguza sentimita 30. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuacha uzi mrefu kuliko mwanzi: mtoto anainua, samaki anapita juu ya kichwa chake na kumnasa babu aliyekaa nyuma. Funga uzi kwenye ncha ya mwanzi, kisha shusha ufunge tena sentimita 40 chini yake, ili ncha ikivunjika samaki abaki.

Pitisha kielea. Bana chubwi sentimita 15 hadi 20 juu ya ndoano, ongeza moja moja mpaka kielea kizame na kubakiza ncha yake tu juu ya maji. Kikibaki kimeelea kizima, ngege anahisi uzito anapovuta na anatema chambo.

Pima kina: bana chubwi nzito kwenye ndoano, tumbukiza. Kielea kikizama, kipandishe juu kwenye uzi; kikilala ubavu, kishushe. Ukishapata kina halisi, toa chubwi nzito na ushushe kielea sentimita 20 hadi 30, ili chambo kining'inie karibu na chini bila kulala matopeni.

Chambo bora ni nyungunyungu. Wachimbe chini ya migomba, mahali penye unyevu, uwaweke kwenye kopo lenye udongo ule ule na jani la mgomba juu, kivulini. Tumia kipande cha sentimita mbili tu. Nyungunyungu mzima huning'inia, samaki wadogo huchezea mkia, kielea hucheza kutwa na ndoo inabaki tupu. Kwa wasiopenda kushika nyungunyungu kuna posho, yaani ugali: isonge iwe ngumu, iache ipoe, ikande na pamba kidogo ili isimumunyike.

Kuita samaki, changanya pumba za mahindi na udongo, finyanga tonge la ukubwa wa limau, tupa moja kila dakika kumi au kumi na tano pale pale. Ukimwaga ndoo nzima kwa mkupuo, ngege watashiba na kuondoka.

Muda ni saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi jua linapokaribia kuzama. Katikati ya mchana acheni watu walale. Mketishe mzee mwenye macho mazuri kando ya mtoto, mwanzi mmoja kati yao. Babu anatazama kielea, mjukuu anainua. Watoto wanne kwa mtu mzima mmoja ni wengi mno karibu na maji. Kila mtoto wa chini ya miaka kumi avae jaketi akiwa gatini pia, na mtu mzima wa zamu asishike mwanzi wala simu.

Kielea kikitulia nusu saa nzima, badilisha kina kwanza, kisha hamia karibu na mafunjo au mawe, na chambo kiwe cha mwisho kubadilishwa. Watu wengi huanza na chambo. Kielea kikicheza bila kuzama, ni vidagaa na nkejje, samaki wadogo wa ziwani: weka ndoano namba 10. Samaki akimeza ndoano hadi kooni na ni mdogo, kata uzi mdomoni umwachie; ukichokonoa utamuua.

Kambare akipanda, mtu mzima amtoe. Ana miiba miwili imara nyuma ya kichwa, pembeni, na anajua kuitumia.

Boti ya sangara

Wasiozidi watu watano pamoja na nahodha kwenye boti iliyoandikishwa kubeba wanane. Nafasi iliyobaki si ya kupoteza: ni ya wavu, fimbo na samaki anayerukaruka. Mtoto wa chini ya miaka saba abaki. Mzee anayetaka kwenda aende, kwa masharti haya: gati na ukingo wa boti viwe usawa mmoja, watu wawili wamshike, akae katikati, chini, akitazama mbele. Wakae majini kwa muda wa saa mbili, basi. Dawa za presha zinazoongeza mkojo zina saa yake, na boti haina choo. Amuulize daktari kabla ya safari kama anaweza kuzinywa baada ya kurudi. Asiziache tu.

Nahodha akubali mambo matatu kabla ya kulipwa: jaketi zivaliwe na kufungwa tangu gatini, yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya hewa, na kuna mafuta ya ziada, makasia na simu iliyochajiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Doria hukagua boti ziwani, na asiye na jaketi hana la kujitetea. Kiswahili kitakusaidia hapo, askari wengi wanakizungumza.

Fimbo mbili tu zifanye kazi kwa wakati mmoja. Ya tatu ni kuomba nyuzi zisokotane. Fimbo iwe imara ya mita mbili hivi, rili yenye mita 200 za uzi wa kusukwa wa nguvu ya kilo 23. Mbele yake funga mita moja na nusu ya nailoni nene ya milimita 0.8 hadi 1.0, kwa sababu mdomo wa sangara ni kama msasa na mawe ya Ssese hayana huruma. Mwishoni, samaki wa bandia wa sentimita 12 hadi 18 anayezama mita tatu hadi sita.

Mwendo uwe wa mtu anayetembea kwa haraka, kilomita nne hadi sita kwa saa. Uzi mmoja mita 20 nyuma, mwingine 30. Pitia ncha za mawe, visiwa vidogo, na pale kina kinapoporomoka ghafla. Boti igeuke kwa duara pana. Ikikata kona, uzi wa ndani hulegea, unazama na kunasa chini. Kila dakika kumi vuta uangalie, maana uzi ukishabeba gugu maji unavuta bure.

Breki ya rili ipimwe gatini kwa mizani ya mkono: uzi uanze kutoka kwenye kilo tano au sita. Wageni huikaza hadi mwisho “ili asikimbie”, na hapo ndipo uzi hukatika au ndoano kunyooka. Sangara akishika, nahodha aondoe gia, mtu wa fimbo ya pili avute uzi wake ndani mara moja. Akiruka na kutikisa kichwa, shusha ncha ya fimbo kuelekea majini lakini uzi usilegee. Mjukuu anaweza kuzungusha rili, mtu mzima akiwa ameshika fimbo nyuma yake. Mpokeeni kwa wavu, kichwa kwanza. Msitie vidole chini ya mashavu ya samaki: kingo zake hukata kama wembe.

Sangara wa chini ya sentimita 50 ni marufuku Uganda. Kwa ngege jiwekeeni mpaka wa familia wa sentimita 30, hapo hamtagombana na mkaguzi yeyote. Mbali na hayo, sangara wa kupita sentimita 85 ni wazazi, na wanafaa kurudishwa. Hilo lina sharti lake: anachoka haraka, na akivutwa kutoka kina kirefu tumbo hufura hewa na hawezi kuzama. Kwa hiyo msivue kina kirefu kama nia ni kuachia. Mshikeni majini, mdomo ukielekea mbele, boti ikisogea polepole mpaka apige mkia mwenyewe. Mwulizeni mwenye loji kibali kinachohitajika wilayani kabla hamjatoka, na kiwe mfukoni.

Anga na vijidudu

Radi za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na kuelekea asubuhi, kwa sababu usiku hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea ziwani na kukutana juu ya maji yenye joto. Kwa hiyo kukicha angalieni upeo wote, siyo juu ya vichwa vyenu tu. Wingu jeusi lililosimama, au upepo wa baridi wa ghafla, boti haitoki. Ikiwa mko gatini na radi inasikika, ondokeni wote, fimbo za kaboni ziachwe, na msirudi kabla ya nusu saa kupita tangu ngurumo ya mwisho.

Mkiona moshi ukipanda ziwani bila moto, ni mamilioni ya vijidudu vya ziwa, wadudu wadogo wanaoruka. Haviumi, lakini huingia puani na mdomoni. Boti ikwepe, loji nayo izime taa za baraza na kufunga madirisha. Mwenye pumu awe na dawa yake mkononi.

Kichocho

Konokono wanaoeneza kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi, ndiko hasa watoto wanakopenda kuchezea. Hatari si gati, ni ufuko. Viatu vya mpira havitoshi, wala kujifuta haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga yaliyokaa kwenye tangi siku mbili ni salama upande huo. Waliochovya miguu wapimwe baada ya wiki sita hadi nane, na wapimwe choo kikubwa, kwa sababu kichocho cha huku zaidi ni cha tumbo. Anayesubiri kuona damu kwenye mkojo atasubiri sana. Tiba ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Jikoni

Samaki akitoka majini apigwe kichwani, akatwe chini ya mashavu damu itoke, atumbuliwe ndani ya saa moja. Barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, safu ya chini kwanza, na maji yaliyoyeyuka yatoke. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyokwisha ameshaanza kuharibika.

Kabla ya kumpa mpishi chochote, uliza miiko. Ukoo wa Kiganda hauli kiumbe ambacho umechukua jina lake: mtu wa ukoo wa Mmamba hali kambare mamba (kamongo), wa Nkejje hali nkejje, na bibi wa Kiganda aliyelelewa kizamani huenda hataki kambare mamba hata sufuria yake. Ngege wakaangwe wazima kwa chumvi na limau, chale tatu kila upande ili mafuta yafike kwenye mfupa. Sangara afungwe kwenye jani la mgomba pamoja na nyanya na vitunguu, apikwe kwa mvuke na matoke juu yake. Hana vijimiba vingi, ndiyo maana ni wa watoto. Kichwa chake kichemshwe supu na kiende kwa babu bila kuulizwa.

Samaki wa kurudi nao

Msigandishe usiku wa mwisho kwenye friza ya loji kama umeme wake hukatika. Ni afadhali kubanika kwa moshi: pasua mgongoni, paka chumvi, acha saa mbili, kisha moshi mwepesi wa kuni ngumu saa sita hadi nane, nyama igeuke kahawia na kukauka pembeni. Funga kwenye karatasi, si mfuko wa nailoni, maana jasho la mfuko huotesha ukungu. Wabichi wapakiwe kwenye boksi la barafu saa kumi na mbili asubuhi, mfuniko ufungwe kwa utepe usifunguliwe hadi nyumbani. Mkiwa na zaidi ya mzigo wa kula nyumbani, pitieni kwa afisa wa uvuvi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, jana yake mchukue karatasi ya kusafirisha, kwa sababu asubuhi feri inapoondoka ofisi yake huenda bado imefungwa.